Tangi Limeingiaje Mlangoni?

Miaka mitatu iliyopita niliandika insha kuhusu baridi. Niliipenda sana. Ilikuwa na theluji iliyotanda kama sanda, ilikuwa na pumzi zinazogeuka moshi, na ilikuwa na mimi, nimesimama dirishani nikilikumbuka ziwa la kwetu. Ndani yake kulikuwa pia na tangi la samaki, kubwa kupita kiasi, ambalo mimi na kaka yangu tulilisafirisha kwa tela toka St. Cloud hadi nyumbani kwake Minneapolis, mwezi wa Januari, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kabla sijaipeleka popote nilimtumia kaka aisome. Akanipigia simu.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu," akasema. "Ila tangi limeingiaje mlangoni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Maana humu ndani tangi lipo kwenye tela, halafu theluji, halafu unamkumbuka bibi, halafu tangi lipo sebuleni. Limeingiaje?"

Nimesoma uhakiki mwingi maishani, na mwingine nimeuandika mwenyewe, lakini sijawahi kuhakikiwa namna ile. Leo nataka kulijibu swali lake, kwa sababu naamini halinihusu mimi peke yangu. Linahusu namna tunavyoandika kuhusu ughaibuni.

Kwanza tangi lenyewe. Urefu sentimita 240, upana 75, kimo 75, kioo cha unene wa milimita 19. Piga hesabu: kioo kitupu, bila tone la maji, kinapita kilo 300. Kikijazwa kinabeba maji zaidi ya lita 1,200, yaani zaidi ya tani nzima juu ya hiyo. Kaka alilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Alilitaka kwa ajili ya frontosa, wale samaki wenye nundu kichwani na mistari myeusi ubavuni, ambao hawana kwao duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Sisi tumezaliwa Kigoma. Tumekula migebuka na dagaa mpaka tukavimbiwa, lakini frontosa, anayeishi chini sana kwenye miamba, kaka alimwona kwa mara ya kwanza akiwa Marekani, katika duka la samaki wa mapambo. Hilo jambo lilimkaa rohoni.

Sasa, mwandishi akipewa habari kama hiyo afanyeje? Mimi nilikimbilia huzuni. Ilikuwa karibu, na ilikuwa tayari imeshapikwa. Mtu wa Kigoma, baridi ya Minnesota, samaki wa ziwa la nyumbani ndani ya kioo: hata hupaswi kufikiri, sitiari zinajiandika zenyewe. Mhamiaji ni samaki. Kioo ni mpaka. Theluji ni upweke. Nikafunga kazi.

Kwenye kazi yangu husoma miswada ya vijana wanaotaka kuchapishwa, na ninaweza kukiri bila hofu kwamba insha yangu ilikuwa ndugu wa damu wa miswada hiyo. Mhusika hushuka kwenye ndege, baridi humchapa kofi, ukurasa wa pili anamlilia mama. Baridi hiyo haina vipimo wala kazi. Haigandishi kufuli la gari, haimlazimu mtu kumwaga chumvi mbele ya mlango, haimfunzi mtu chochote. Ipo ili mhusika ahuzunike.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuanza hivyo. Nathari yetu ya zamani ya safari ilijua kubeba mizigo. Soma *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila baada ya hatua chache unakutana na frasila: pembe frasila kadhaa, bidhaa za thamani fulani, nani kakopesha, nani kadai. Frasila moja ni kama kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Msomaji hapati nafasi ya kusahau kwamba safari ni jambo zito, kwa maana halisi ya neno zito.

Au msome Salim bin Abakari, katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko alioutoa Carl Velten mwaka 1901. Huyu alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896, wakaenda mpaka Urusi na Siberia. Hebu fikiria: Mswahili, Siberia, zaidi ya miaka 120 iliyopita! Angekuwa mmoja wetu leo, ukurasa mzima ungekuwa kilio. Yeye anatazama. Anataka kujua watu wa pale wanaishije, wanasafirije, wanakula nini. Ugeni wake hauhitaji kutangazwa, unauona kwenye udadisi wake. Nilipomrudia baada ya ile simu ya kaka niliona haya kidogo. Mimi nilikuwa na pikapu yenye hita na bado nililia kuliko yeye.

Lakini nisiwasifu wazee kupita kiasi. Tippu Tip anapima pembe vizuri, mabega hayapimi. Frasila zipo kitabuni, ila wale waliozibeba, wengine wakiwa watumwa, hupita kama kundi, na majina yanayobaki ni ya wakubwa. Kwa hiyo kutaja uzito peke yake hakutoshi. Uzito lazima uwe juu ya mtu fulani. Hapo ndipo swali la kaka lilipokuwa linaelekea, ingawa ilinichukua muda kulielewa.

Maana tangi liliingiaje? Sikiliza.

Kabla ya kupakia tulilikausha kwa mataulo, hasa yale matundu ya mabomba, kwa sababu maji yakiganda ndani ya tundu hutanuka na kupasua kioo. Chini ya tela tuliweka plaiwudi, juu yake lile povu gumu linalofungiwa televisheni mpya, maana tela hujipinda barabarani na kioo hakijui kujipinda. Tulilifunika kwa mablanketi, mikanda ya kukazia mizigo tukaipitisha bila kuibana sana juu ya kingo. Kisha kilomita zaidi ya 100 za mwendo wa kobe, taa za hatari zinawaka, kaka akipunguza mwendo kwa kila ufa wa barabara kama anayebeba mgonjwa.

Nyumbani walikuwa wanatusubiri majirani na watu wa msikitini kwake, wengi wao wametoka kazini usiku huo huo. Kulikuwa na vishikio vya mpira vya kung'ang'ania kioo, vya kuazima. Havikufaa. Mpira ulikuwa mgumu kwa baridi na kioo kimefanya ukungu wa barafu, vikawa vinabanduka. Basi mikono. Glavu nene zinateleza, glavu nyembamba zinagandisha vidole. Wakakubaliana nyembamba, na kubadilishana kila dakika chache.

Watu wanane, kilo 310 hivi: karibu kilo 39 kwa kila mmoja, yaani zaidi ya frasila mbili, mzigo wa mpagazi na ziada. Tofauti ni kwamba msafara unaweza kugawa mzigo, kioo hakigawiki. Mmoja akiteleza, wote wameteleza. Ndiyo maana mtu mmoja alitangulia akimwaga chumvi na mchanga kwenye njia, akarudi nyuma, akaikanyaga mwenyewe kwa nguvu mara tatu kuijaribu.

Mlango ulikuwa sentimita 86. Tangi 75. Zimebaki 11, nazo ndizo za vidole vya watu wa pande zote mbili. Haiwezekani. Kwa hiyo walilaza mbao mbili juu ya kizingiti, wakaliweka tangi kwenye kigari kifupi cha magurudumu, na kadiri lilivyoingia, waliokuwa ubavuni wakawa wanaachia mmoja mmoja, na waliokuwa ndani wakawa wanapokea. Kila anayeachia alitakiwa aseme "nimeachia", na asiachie mpaka asikie "nimepokea" kutoka ndani. Nimeachia. Nimepokea. Mpaka likaisha.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoiruka. Nilikuwepo, mikono yangu iliwaka moto siku mbili, lakini nilipokaa kuandika nikaona mbao na kigari ni mambo ya mafundi, si ya fasihi. Nikaweka theluji na bibi. Na kwa kufanya hivyo niliwafuta watu wanane kutoka kwenye usiku wao wenyewe. Watu waliojua wanachokifanya, waliopima, waliobishana, waliocheka, nikawageuza kivuli cha upweke wangu. Kaka aliposema neno lake la pili kwenye simu ndipo lilipochoma: "Umetuonea huruma. Sisi tulikuwa tunahamisha tangi."

Najua kuna atakayesema fasihi si mwongozo wa kufunga mizigo. Kweli kabisa. Sisemi kila hadithi ya ughaibuni ije na tepu ya kupimia. Ninachosema ni kwamba hisia ikikosa kitu cha kushika, inakuwa ya kila mtu, yaani si ya mtu yeyote. Tazama Abdulrazak Gurnah katika *By the Sea* ya mwaka 2001. Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick, mzee anayeomba hifadhi, na ofisa wa uhamiaji anamchukulia kijaluba chake cha udi. Gurnah angeweza kutuambia mzee kapoteza nchi. Anatupa udi: umetoka kwa nani, unafukizwa vipi, ulipatikana katika biashara gani. Saleh Omar aliwahi kuwa muuza fanicha, anajua thamani ya vitu, na baadaye meza moja ndogo ya mpingo inatosha kubeba ugomvi wa familia mbili kwa miongo. Huzuni ipo tele humo. Lakini imefika kwa njia ya mlango, imebebwa na kitu, na unaweza kuwataja waliokishika.

Hata tangi letu lilikuwa na huzuni yake, nami sikuiona kwa sababu nilikuwa nimeshaleta ya kwangu. Kioo kilichotoka kwenye baridi ile hakijazwi maji ya vuguvugu siku hiyo hiyo, kinaweza kupasuka. Kinaachwa kwanza kishike joto la nyumba. Kaka alikipa siku nzima. Usiku wa manane niliamka kunywa maji nikamkuta amekaa sakafuni kando yake, bado na sare ya kazini, anakigusa kioo kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto. Sikumwuliza kitu. Alisema tu, "Bado baridi," akaendelea kukaa.

Kama msomaji hajui kwa nini anasubiri, hawezi kuelewa kwa nini amekaa. Ndiyo hoja yangu yote.

Mwaka huu niliiandika upya ile insha. Nimetoa sanda, nimemtoa bibi, nimeweka mbao mbili na kizingiti. Imekuwa fupi, na sina hakika kama ni nzuri zaidi. Nilimtumia kaka. Majibu yalikuja baada ya siku mbili, ujumbe mfupi, bila salamu:

"Hapo sawa. Ila tulikuwa tisa. Umemsahau aliyeshika mlango."

Nimemwongeza.