Msemaji wa Mali: Neno Lake ni Deni

Kwetu Mweso, kijana hajiombei muke. Hata akiwa mwalimu ao munganga, siku ya kutoa mali anaketi na kunyamaza. Mtu mwingine ndiye anasimama kusema kwa jina la jamaa yake. Wenye kusema Kinyarwanda wanamwita umukwe mukuru, na yule anayemjibu upande wa wazazi wa binti ni umusangwa mukuru. Wahunde na wao wana wazee wao wa kazi hiyo. Majina ni mbalimbali, lakini kazi ni moja: kuunganisha nyumba mbili kwa neno.

Zamani msemaji alikuwa ndugu mzee, ao jirani aliyejua nyumba zote mbili. Alichaguliwa kwa sababu moja kubwa: kesho ndoa ikitikisika, ni yeye ataitwa. Alihesabu mbuzi ao ngombe kwa macho yake. Alijua nini imetolewa na nini imebaki. Alikuwa shahidi mbele ya kuwa msemaji.

Leo mambo imebadilika. Tangu 1993 vita imetawanya jamaa nyingi za Masisi: mzee mmoja yuko Goma, mwingine Uganda kambini, mwingine amekufa. Basi vijana wanatafuta mtu wa kulipwa, anayejua kushika mikro na kuchekesha. Hatusemi kulipwa ni mbaya. Aliyeacha shamba lake siku nzima anastahili kitu. Tunalaumu mambo matatu.

La kwanza, kulipwa kwa kadiri ya mali. Kuna wasemaji wanaopatana na wazazi wa binti: mali ikipanda, na fungu lao linapanda. Mtu wa namna hiyo hawezi kuomba ipunguzwe, hata akijua kwamba kijana ameuza shamba. Malipo yake yajulikane mapema, na yasitoke ndani ya mali.

La pili, utani wa kabila. Kutaniana ni chumvi ya sherehe. Lakini katika feti moja tulisikia msemaji, kasiksi imekwisha kumwingia, akiuliza wageni kama wamekuja kuoa ao kuchukua udongo tena. Watu walicheka kidogo, kisha kukawa kimya. Wazee wawili waliondoka bila kula. Penginepo neno kama hilo lingesahauliwa asubuhi. Hapa kwetu, ambapo watu waliuana juu ya udongo na kabila, bibi-arusi ndiye atalibeba mpaka jikoni kwa mama-mkwe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku ile mdomo wa mmoja uliponza kichwa cha mwingine.

La tatu, kusahau binti. Wanaume wanasema saa tatu nzima, yeye anaitwa mwishoni kwa picha. Lakini Sheria ya familia ya 1987, ambayo inakubali ndoa kufanywa katika jamaa kufuata desturi, inadai kila mmoja aitikie mwenyewe. Tena ilipotengenezwa upya mwaka 2016, umri wa msichana ulitoka miaka 15 ukafika 18, sawa na wa kijana. Msemaji asiyeuliza umri wa binti, asiyengoja sauti yake, anaomba kitu ambacho wazazi hawana ruhusa ya kutoa.

Wengine watatujibu: hayo ni ya wazazi, msemaji ni wa kutumwa tu. Hapana. Siku ile yeye ndiye mwenye neno mbele ya watu wote. Akisimamisha sherehe dakika tano ili binti aulizwe, nani atamkataza? Mtumwa ana masikio na macho, hakutumwa mdomo peke yake.

Tunapendekeza basi, mbele ya feti, wasemaji wa pande mbili wakutane bila pombe, wapatane juu ya utani usioguswa, wasikie binti na kijana. Siku ya mali, kila kitu kilichotolewa na kilichobaki kiandikwe mara mbili, kila jamaa ishike karatasi yake, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi tunaowachagua tuache kuuliza kwanza: anachekesha? Tuulize: siku ya ugomvi, tutamkuta wapi? Asiyeweza kurudi siku hiyo, asisimame siku ya feti.