Mhudumu wa Wodi na Brashi Yake

Ukitoka Ruangwa, ukaipita Nachingwea kuelekea kusini magharibi, unaingia Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Ni jirani yetu sisi wa Ruangwa, basi tumpongeze bila haya. Alihangaika kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, hatimaye akawa mhudumu wa wodi Muhimbili. Zamu ikiisha, brashi: rangi ya baiskeli inayong'aa, hadibodi ya mraba, chui wa madoadoa, macho yamemtoka. Mkewe, Agatha, aliziuza picha Morogoro Stores, Oysterbay. Alianza kuchora 1968. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Alichora miaka minne tu! Wanafunzi wake walichora wakafundisha wengine, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.