Tahakiki: Wavuvi wa Mweru na Swali Lililopitwa Upesi

Kitabu cha David M. Gordon, Nachituti's Gift (University of Wisconsin Press, 2006), kinahusu uvuvi wa bonde la Luapula na Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Ng'ambo ya Kongo kuna mji uitwao Kilwa, usichanganywe na Kilwa Kisiwani, ambako Kiswahili kinazungumzwa.

Jina la kitabu limetokana na simulizi ya Nachituti. Kaka yake, Nkuba, alimwua mwanawe. Nachituti akamwomba Kazembe amlipizie kisasi, kisha akamkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Gordon anaisoma simulizi hii kwa ustadi: nchi ina wenyewe, maji nayo yana wenyewe.

Hata hivyo, lipo swali ambalo mwandishi analipita upesi. Wavuvi hawa walijifunzaje? Mpumbu, samaki aliyepanda mto kutaga mayai, aliadimika kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya kukingwa njiani kwa nyavu ili kulisha migodi. Baadaye pale, ambaye ni jamii ya perege, naye akapungua, na chisense, dagaa wa ziwa hilo wavuliwao usiku kwa taa, wakashika soko. Gordon anayaeleza mabadiliko hayo kwa mitaji na umiliki. Maelezo hayo yanatosha kutuambia nani alifaidika, lakini hayatuambii mvuvi aliamuaje.

Chukua mvuvi wa Mununga ambaye nyavu zake zinapanda tupu. Huenda nyavu zimezidi ziwani. Huenda maji yameshuka. Chapisho la FAO la 2003 kuhusu uvuvi wa maji baridi kusini mwa Afrika lilitilia mkazo sana sababu hiyo. Huenda samaki wamehama tu. Kila sababu inadai hatua yake: kungoja, kuhama, kubadili matundu ya wavu au kubadili samaki. Na hata akipata, hajui kama ni kwa uamuzi wake au ni kwa mvua njema za mwaka ule. Mwanamke anayeanika chisense mchangani hupewa jibu siku hiyo hiyo: dagaa wamekauka au wamelowa. Hizi ni shule mbili tofauti kabisa, nami naona ya pili ndiyo inayofundisha haraka. Gordon anawatambua wanawake hawa, lakini zaidi kama wafanyabiashara; jicho lao la kusoma wingu halimo.

Tusimlaumu peke yake. Hojaji nyingi ambazo wanafunzi wetu huenda nazo uwandani huuliza, "Samaki wamepungua kwa sababu gani?" na kuacha mstari mmoja wa jibu. Mvuvi mwenye sababu tatu asizoweza kuzitenganisha hulazimika kuchagua moja, na ndiyo inayoingia kwenye tasnifu.