Kwanza Zima

Kengele ya presha ya oili haibembelezi. Taa nyekundu inawaka, mlio mmoja usiokatika unajaza chumba cha injini, na tangu hapo aliye zamu anahesabu sekunde. Injini ya dizeli iliyokosa oili inaweza kuzila beringi zake kabla nahodha hajamaliza kuuliza kuna nini. Ndiyo maana, katika ufundi wote wa injini za majini, ninachokiheshimu zaidi ni kitendo kisichohitaji hata spana: mkono unaozima injini kabla kichwa hakijaijua sababu.

Naandika kutoka Kakonko, huku juu ambako hakuna ziwa. Injini za dizeli tunazijua kwa mashine za kusaga, na wapo mafundi waliojifunzia kwenye mashine hizo, Kibondo na Kasulu, kisha wakateremka Kigoma kutafuta kazi kwenye boti. Hata maji yetu yana safari hiyohiyo. Mto Malagarasi unakusanya mito ya nyanda hizi, unapita mabwawa ya Moyowosi na chumvi ya Uvinza, hadi Ziwa Tanganyika. Injini ni ileile: pampu, filta, kranki, beringi. Kilichobadilika ni gharama ya kuizima. Mashine ya kusaga ikizimwa, kina mama wataketi na madebe yao kivulini. Boti ikizimwa katikati ya ziwa, upepo unaichukua, na nanga haina pa kushika, kwa kuwa Tanganyika ina kina kinachofikia mita 1,470 na mwambao wake huzama ghafla.

Kwa hiyo namwelewa nahodha anayeinama mlangoni na kusema, “Fundi, toa huo waya twende, abiria wana hofu.” Hofu ni ya kweli. Lakini waya ukitolewa, kinachoondoka ni habari tu. Ugonjwa unabaki palepale, na sasa hakuna wa kuusema. Fundi mzuri hujibu kwa adabu, “Nipe nusu saa, nahodha,” kisha anachukua kitambaa.

Anaanza na kijiti cha kupimia oili. Anasubiri kidogo oili ishuke, anakifuta, anakirudisha, anakitoa tena. Kiwango kimeshuka? Basi oili imevuja au imeungua, na pengine dawa ni kuongeza na kutafuta tundu. Lakini fundi haridhiki na kiwango peke yake. Anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, anainusa. Oili iliyopanda juu ya alama bila mtu kuiongeza ni dalili mbaya kuliko iliyopungua, kwa sababu mara nyingi dizeli imeingia ndani, labda kutoka kwenye nozeli inayovuja, na oili imekuwa nyepesi mno kwa kazi yake. Iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Hayo yote yanajulikana kwa vidole na pua, mahali palepale, bila umeme wala kompyuta, na mimi sijui kazi nyingine inayoupa mkono wa mtu heshima kubwa namna hiyo.

Baada ya hapo ndipo anapopata haki ya kuishuku kengele. Swichi ya oili ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Nyingi hulia presha ikishuka karibu na nusu kilo kwa sentimita ya mraba, na nyingine huharibika na kulia bure. Fundi anaifungua, anafunga geji ya mkono kwenye tundu hilohilo, na injini inawashwa kwa muda mfupi. Geji ikionyesha kilo tatu, swichi ndiyo inayosema uongo. Ikionyesha karibu sifuri, kengele ilisema kweli, na injini inazimwa tena hapohapo. Huu mpangilio ndio kiini cha ufundi wote ninaousifu: kengele huaminiwa kwanza, kisha huchunguzwa. Anayeanza kwa kununua swichi mpya amechagua jibu analolipenda. Akibahatika leo, kesho atachagua hivyohivyo.

Hapa inafaa kusema presha hutoka wapi, maana wengi wanaamini pampu ndiyo inayoitengeneza. Pampu husukuma oili tu. Presha huja kwa sababu oili haipati njia rahisi ya kutoka: lazima ijipenyeze kwenye nafasi nyembamba iliyopo kati ya kranki na beringi. Beringi zikilika, njia inapanuka, na presha inaanguka hata kama pampu ni mpya. Ni kama bomba la mserereko kijijini: koki zote zikifunguliwa bondeni, aliye juu anaambulia hewa.

Na nafasi hiyo ina siri iliyogunduliwa kwa bahati. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akijaribu beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, lakini ekseli ilipozunguka oili ikapanda na kumwagika kwenye tundu lilelile. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaweka cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ikapita paundi 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wenyewe ulikuwa wastani wa paundi 100 hivi. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: ekseli inayozunguka huiburuta oili ndani ya nafasi inayobana, na oili hiyo huinyanyua. Kranki nzito ya chuma inaelea juu ya utando mwembamba kuliko unywele. Pampu inaleta oili. Mzunguko unafanya muujiza. Kila ninapoikumbuka habari hii naona kwamba fundi anayelinda presha analinda kitu ambacho hajawahi kukiona wala hatakiona.

Ikiwa geji imethibitisha ubaya, kazi inateremka ndani zaidi. Filta hukatwa na karatasi yake hukunjuliwa juani. Chembe zinazong'aa zikiruka kwenye sumaku ni chuma. Zikikataa, huenda ni madini laini ya beringi, na habari hiyo ni nzito. Valvu ya kupunguzia presha hutazamwa, maana punje moja ya uchafu ikiibana wazi, oili yote inarudi chini bila kufika kazini. Chujio lililo ndani ya sampu nalo huziba matope. Kranki hufikiwa mwisho, na ni sawa, kwa kuwa ndiyo ghali.

Kigoma ina ushahidi mkubwa wa thamani ya mafuta katika chuma. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaingizwa majini mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, isitekwe. Kabla ya hapo mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo yake ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ziwa lilikuwa limepotea, amri ilikuwa ya kuzamisha, na bado mafundi wale walifanya kazi yao kwa ajili ya injini, wasijue nani angekuja kuiwasha.

Ningependa kila boti ya mizigo inayotoka Kigoma iwe na geji ya mkono, swichi ya akiba, filta mbili na galoni ya oili ya namba ileile inayotumika. Na ningependa presha iandikwe kwenye daftari kila safari, injini ikiwa ya moto na ikizunguka polepole, kwani hapo ndipo uchakavu wa beringi huonekana kwanza. Kilo mbili mwezi huu, moja na nusu baada ya masika, moja kufikia Desemba: fundi anayesoma namba hizo ataagiza beringi boti ikiwa bado imefungwa gatini, abiria wakiwa nchi kavu.