Kifuniko cha Sufuria na Hukumu ya Wali wa Nazi

Lipo gari dogo, kirikuu lililotobolewa dirisha ubavuni na kupakwa rangi ya chungwa, ambalo huegeshwa kila siku ya kazi pembezoni mwa barabara moja ya Upanga, na tangu lilipoanza kuuza chakula cha mchana sijapata kukaa baraza moja na watu wa maofisini bila ya kusikia wali wake wa nazi ukisifiwa kwa maneno ambayo wazee wetu waliyaweka akiba kwa ajili ya karamu za harusi. Nilikwenda. Nilisimama katika foleni pamoja na vijana wenye vitambulisho shingoni, nikalipa, nikapewa sahani, nikala kwa adabu mpaka mwisho kwa kuwa chakula hakitupwi. Na ninaandika haya si kwa kumwonea choyo mwenye gari, ambaye riziki yake ni yake, bali kwa sababu kitu hafifu kikisifiwa na wengi pasipo mtu wa kukanusha, kilicho bora hukosa wanunuzi, na mwenye kukijua hufa nacho.

Wali ule ulikuwa mweupe, unameta, na kila punje imejitenga na mwenziwe. Hizo ndizo sifa tatu wanazozitaja wanaousifu, na zote tatu hupatikana kwa vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Wali wa nazi wa haki haumeti. Weupe wake umefifia kidogo, punje zake huchambuka kwa mwiko lakini hukubali kukusanyika vidoleni, maana huu ni wali ulioumbwa uliwe kwa mkono, na anayeudai umwagike kama mchanga aseme tu kwamba alikuwa akitaka pilau, aende kwa wapika pilau.

Juu ya mchele sitakawia. Uwe wa Mbeya, wa Kyela ikiwezekana, na uwe Supa kwelikweli, si ule ambao gunia lake limeandikwa Kyela na ndani mna mchanganyiko wa kila bonde; mjuzi huzipumulia punje chache kiganjani akazinusa zingali mbichi, na muuza chakula aliye mwaminifu hatakunyima punje za kunusa. Nazi iwe kavu, si koroma wala mbata: koroma hutoa tui la maji, na mbata hutoa tui lenye harufu ya sabuni ambayo hakuna kiungo cha kuificha. Fundi huitikisa nazi sikioni akayasikiliza maji yake, na akiisha kuivunja huonja kipande kabla ya kukaa juu ya mbuzi. Mpishi asiyeonja nazi yake simhesabu miongoni mwa wapishi. Kadhalika, hiliki ndani ya wali wa nazi ni dalili ya hatia. Sina hoja ya kulithibitisha neno hili, wala sioni haja ya kuwa nayo.

Katika tui ndimo ghiliba inamoanzia. Kasimile, yaani lile la kukamua kwanza, huwekwa kando. Mchele hupikwa kwa tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu, pamoja na chumvi, na maji yanapokaribia kukauka ndipo kasimile hutiwa, wali ukageuzwa mara moja tu na kufunikwa. Mwenye pupa hutia lote tangu mwanzo, likachemka kwa nguvu, likakatika, mafuta yakaelea upande huu na wali ukabaki upande ule. Lakini pupa ni aibu ndogo. Nilimjua bwana mmoja wa Kariakoo aliyeupika wali wake kwa maji matupu, kisha ifikapo saa sita na nusu, wateja wanapoanza kukaribia, humwaga kikombe kimoja cha tui zito juu ya sufuria ya moto ili harufu itembee mpaka kona ya pili. Pua ziliingia mtegoni kabla ya ndimi, na watu waliapa kuwa wamekula nazi, ilhali walikuwa wamekula mvuke wake. Jirani yake alifanya hila nyingine, naye alirundika vifuu vya nazi mbele ya kibanda ili vimtolee ushahidi; ushahidi huo aliuokota jalalani kila asubuhi.

Haya yote mtu mwerevu anaweza kuyafundishwa kwa mchana mmoja. Liko jambo jingine ambalo asiye mjuzi hulikosa daima, hata awe amezeeka akila wali wa mitaani, kwa sababu hutokea kabla ya sahani yake, hudumu kwa nukta chache, na wakati huo macho yake yako kwenye samaki. Fika mapema, sufuria ikiwa haijafunguliwa. Simama ubavuni, si mbele. Na mpishi atakapoinua kifuniko usiutazame wali kabisa. Tazama upande wa ndani wa kifuniko. Ukiwa mkavu, tafuta pa kukaa. Ukiwa na matone, na hasa matone hayo yakiteremka kwa mistari na kudondokea sufuriani, kumbuka kuwa una shughuli mahali pengine.

Sababu yake ni hii. Wali unapokauka hutoa mvuke, mvuke hupanda ukagonga kifuniko kilicho baridi kuliko wali, ukageuka maji, na maji hayo hurudi yalikotoka. Basi sufuria isiyopaliwa aghalabu huwa na vyakula vitatu, mashendea juu, wali katikati, na chini kitu cheusi ambacho mpishi hatakuonyesha. Kupalia, yaani kuyapunguza makaa ya chini na kuyaweka mengine juu ya kifuniko, wengi hudhani ni kuongeza moto tu ili wali uive upesi. Sivyo. Makaa ya juu hukitia kifuniko joto hata mvuke usipate pa kutua, ukatoroka pembeni, na wali ukakauka kutoka juu na kutoka chini mpaka ukavu ukutane na ukavu. Wala makaa yenyewe si yale yanayowaka kwa kiburi. Ni yale yaliyokwisha kuvaa majivu, machache, yaliyotandazwa mpaka ukingoni.

Bibi mmoja mwenyeji wa Pangani, aliyekuwa akipikia wachukuzi karibu na maghala ya Gerezani, sijamwona wa kumlinganisha naye katika jambo hili. Hakuwa na saa. Alikuwa akikileta kiganja juu ya makaa ya kifuniko, akakitua hewani pasipo kugusa, akakiondoa, na kwa kiganja hicho alijua kama wali umekauka au bado. Wakati wa kufungua alikusanya makaa kwa kipande cha bati, akapangusa majivu kwa kumvi la nazi kutoka katikati kwenda nje, akakiinua kifuniko kikiwa sawasawa pasipo kukiinamisha, akakisogeza kando mpaka kiwe mbali na sufuria, ndipo akakigeuza chali juu ya kigoda, kila siku, watu wakione. Hakusema neno; na sisi tuliojua tulijua. Siku moja kijana mchukuzi mwenye njaa alimpigia kelele: "Mama, mbona watukawiza? Si umeiva huo?" Naye akamjibu bila ya kuinua uso: "Umeiva, mwanangu, ila haujakauka kichwa. Ukitaka mashendea, kamwuguze mgonjwa ule naye."

Walaghai wa jambo hili ni wachache kwa kuwa wanaolitazama ni wachache, lakini wapo. Nimemwona mmoja akikipangusa kifuniko kwa kitambaa nyuma ya turubai kabla ya kukifungua tena mbele za watu, kwa madaha, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Huyo hukamatwa na punje za juu, ambazo vichwa vyake huwa vimepasuka kwa maji yaliyozidondokea. Naye hulijua hilo, ndiyo maana huukoroga wali wote mpaka chini kabla ya kupakua sahani ya kwanza. Ukiona mpishi anaukoroga wali uliokwisha kuiva, usiulize sababu.

Sasa turudi Upanga. Kifuniko cha gari lile ni cha kioo. Matone yalikuwa yakiteremka kwa ndani yakiwaka jua la mchana, na vijana wale niliosimama nao walitoa simu zao wakayapiga picha, wakisema tazama jinsi wali ulivyo wa moto.

Sina ugomvi na gesi. Moshi umewatia mama zetu vikohozi na macho mekundu maisha yao yote, na Serikali ilipotangaza mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, nilisema ni insafu. Lakini gesi huwaka chini tu, na aliyehama kutoka kwenye makaa pasipo kufikiri nini kitashika mahali pa makaa ya juu ameiacha nusu ya sanaa yake njiani. Zamani ungeweza kutoka Gerezani mpaka Feri wakati wa adhuhuri ukaona vifuniko vilivyobeba makaa vimepangana upande wote wa kivuli, na hakuna mtu aliyeona kuwa ni ajabu. Leo nikimwambia kijana habari ya kupalia hudhani namsimulia mambo ya shambani. Yuko mama mmoja Magomeni, mpika kwa gesi, aliyefikiri. Hulaza kitambaa safi cha pamba chini ya kifuniko, akazifunga ncha zake juu ya kishikio zisiungue, na kitambaa hunywa mvuke wote. Nimekula wali wake. Hauufikii wa makaa, wala sitasema kuwa unaufikia, lakini ndani ya kifuniko chake hapana tone.

Yaliyosalia ni mepesi. Maharage yawe na tui lao wenyewe, yasiazime la wali. Samaki awe wa siku ile. Kachumbari isikatwe mapema ikalia maji sahanini. Baada ya saa nane usimhukumu mpishi yeyote, maana sufuria iliyofunguliwa na kufunikwa tena mara nyingi haina habari za kweli. Na ukoko uuombe: uwe wa kahawia, utoke kwa kipande kimoja, mkavu, wenye chumvi kidogo kuliko wali. Mpishi akikuambia kuwa umekwisha, muamini, kwani ukoko wa fundi una wenyewe, nao ni wateja wa zamani kuliko wewe. Uje kesho kabla ya saa sita na nusu, uuwekeshe ukoko kwanza, ndipo uagize wali.