Kufungua bila Kuvunja: Uhakiki wa Msamiati wa Kupunguza Uzito

Msamiati wa saumu katika Kiswahili hutenganisha vitendo viwili: kufungua, kwa kauli ya kutendua, ni kula wakati ulioruhusiwa, kuvunja ni kula kabla ya wakati huo. Makala haya yanadai kwamba lugha ya kupunguza uzito imeazima upande wa pili tu. Aliyekula kipande cha keki "amevunja masharti" au "ameshindwa na tamaa". Ni nadra kusemwa kuwa amefungua. Nacho kitenzi "kujinyima", kwa kiambishi -ji- cha kujirejelea, humtwisha mlaji dhima yote, huku bei ya vyakula ikiachwa bila kutajwa. Miongozo ya lishe ingefaa ianze na "kula kwa kiasi", na kulipa andazi la sikukuu nafasi yake halali.