"Inaingia": Upungufu wa Neno Moja la Karakana

Kazi ya kuunda istilahi za ufundi imezoea kuanza na majina ya vitu. Tukitaka kusanifisha lugha ya injini tunaandika orodha: pistoni, nozeli, gasketi, rejeta, kila jina tunalitafutia maelezo, kisha tunaona kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ya namna hiyo, hata ikikamilika, huacha nje maneno ambayo hasa humtia mwenye gari hasara. Maneno hayo ni vitenzi.

Mfano wetu unatoka wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko huenda fundi akawa Mwiraqw na mteja wake Mbarbaig. Lugha ya mmoja ni ya Kikushi na ya mwenzake ni ya Kiniloti. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha juu ya injini iliyofunguliwa. Kwa hiyo neno la Kiswahili litamkwalo hapo ndilo mkataba wenyewe. Mteja huuliza, "Fundi, tabo hii ya gari la juzi inaingia kwenye langu?" Naye hujibiwa, "Inaingia, mzee." Fedha hutolewa.

Tupime neno hilo linabeba nini. Tuchukue Land Rover, gari lililozoeleka sana katika barabara za vijijini nchini. Injini yake ya dizeli yenye tabo, iliyotoka mwaka 1986, ina ujazo wa sentimita 2,495. Iliyoifuata, 200Tdi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ina ujazo huo huo. Na 300Tdi ya mwaka 1994 vivyo hivyo. Kwa mtazamaji hao ni ndugu watatu wa tumbo moja. Lakini katika ile ya kwanza dizeli hupulizwa ndani ya chumba kidogo kilichomo katika silinda hedi. Katika zile mbili hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, ambayo imechongwa bakuli la kuipokea. Tena hizo mbili zina chombo cha kupoza hewa itokayo kwenye tabo, ambacho ile ya kwanza haikuundwa nacho. Hata kati ya 200Tdi na 300Tdi sehemu nyingi zilibuniwa upya.

Kazi ya tabo ni hii: moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, nalo gurudumu husukuma hewa zaidi silindani. Hewa ikizidi, dizeli nayo huweza kuzidishwa; nguvu huongezeka, na joto huongezeka pamoja nayo. Katika nyanda za juu za Mbulu, ambako hewa ni nyepesi na vilima ni vingi, mwenye gari ana sababu njema ya kuitamani nguvu hiyo. Basi akifungiwa tabo ya baadaye inayosukuma zaidi, na pampu ikafunguliwa itoe dizeli zaidi, maadamu bolti zimekubali, jibu la "inaingia" ni la kweli. Ila pistoni za zamani hazikuulizwa. Nazo pistoni za injini ile ya 1986 zilikuwa na sifa mbaya ya kupasuka hata zikiwa na vipuri vya asili.

Kosa liko wapi? Sarufi yenyewe inalifichua. "Kuingia" ni tendo la upande mmoja: kipuri kinatenda, injini imenyamaza. Hakuna anayelazimika kueleza injini itakipokeaje kipuri hicho baada ya kupanda mlima kwa saa mbili.

Wengine wamependekeza "kuingiliana". Pendekezo hilo lina kasoro, kwani neno hilo tayari lina maana ya kuchanganyikana kwa mambo, na lina maana nyingine isiyotamkwa mbele ya wakwe. Napendekeza vitenzi vitatu vyenye mipaka. "Kuingia" kubaki na maana yake finyu: kukaa mahali pake kwa vipimo vya nje. "Kushika nafasi" kuwe na maana ya kufanya kazi ya kipuri cha asili bila kubadili kitu kingine chochote. "Kuoana" kuwe na maana ya kupatana kwa pande zote mbili katika joto, msukumo na kiasi cha dizeli. Kitenzi hiki si kigeni. Twasema rangi za kitambaa zinaoana. Kiambishi chake cha kutendana kinaidai injini nayo itoe kauli.

Huenda msomaji akasema kwamba fundi hodari anazijua tofauti hizi bila kufundishwa na baraza. Ni kweli, na pengine yeye ndiye angetufundisha sisi. Lakini mteja hazijui, wala karatasi ya malipo haizionyeshi. Na gari likikwama njiani likimpeleka mgonjwa hospitali ya Haydom, fundi na mteja watagombana kila mmoja akiwa na haki katika neno lile lile.

Orodha zetu za istilahi na zipewe sehemu ya vitenzi, kila kimoja na mfano wa matumizi yake karakanani. Hapo mteja wa Katesh, akiisha kuambiwa "inaingia", atakuwa na swali la pili la kuuliza kabla ya kufungua mkoba: "Na je, zinaoana?"